Joto la Mtaa wa Wafumaji

Siku ya tano bila joto, meno ya bandia ya Kapitolina Yegorovna yaliganda ndani ya glasi dirishani. Mkwewe Domingos aliichukua glasi akaenda nayo jikoni, akaishika juu ya moto wa gesi mpaka barafu ikaachia, kisha akayafuta meno kwa kitambaa na kumrudishia mama mkwe wake kitandani.

"Umeyachemsha?" bibi kizee akauliza kwa ufizi mtupu.

"Nimeyayeyusha tu, mama."

"Maana kwenu huwa mnachemsha kila kitu."

Akayavaa, akayagonga mara mbili kuyapima, akajifunika tena. Alilala chini ya mablanketi matatu na koti la marehemu mumewe, kofia ya manyoya kichwani, buti za sufu miguuni. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mwaka wa pili sasa, na tangu juzi kifua chake kilikuwa kinatoa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Watu wa gari la wagonjwa walikuja, wakamsikiliza, wakasema hospitalini kuna kitanda cha koridoni tu, na koridoni kuna baridi kuliko hapa.

Domingos Nhaga alikuwa mzaliwa wa Bissau, lakini mtaa mzima ulimwita Dima, kwa kuwa jina lake liliwachosha ulimi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi wa mafriji na mashine za kufulia katika mji wa Nizhnelipsk. Mwanzoni watu walicheka sana kusikia kwamba fundi wa baridi ametoka nchi ya joto. Waliurudia utani ule mpaka ukafa wenyewe, na siku ulipokufa ndipo alipojua kwamba amekuwa mwenyeji.

Mkewe Rimma alirudi kutoka shuleni, alikokuwa mpishi, akiwa amebeba chupa ya supu kifuani ndani ya koti kama mtoto mchanga. Alimgusa mama yake paji la uso, akatazama kipimajoto cha ukutani. Nyuzi tano. Nje zilikuwa ishirini na tisa chini ya sifuri.

"Kampuni ya nyumba wanasemaje?" akauliza.

"Kesho."

"Jana pia walisema kesho."

"Na juzi. Leo wamenitukana kidogo, halafu wakasema kesho."

Rimma alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua kofia. Boila la mtaa lilikuwa limepasuka, na majengo manne ya Mtaa wa Wafumaji yalikuwa yakipumua mvuke kwenye ngazi kama zizi la ng'ombe. Watu waliwasha majiko yote ya gesi na kuweka matofali juu yake. Waliochomeka hita za umeme waliunguza fyuzi za jengo zima mara tatu, na mara zote tatu hakuna aliyekiri.

"Arkadi Pavlovich anasema tumwandikie," Rimma akasema, na kidole chake kikaelekea darini.

Domingos alitazama dari. Katika nchi hii mtu hakutaja jina. Aliinyooshea dari kidole, na kila mtu alielewa kwamba hazungumzii jirani wa juu.

"Kuandika kunachukua mwezi," akasema.

"Si barua. Video."

*

Walikutana kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, watu kama ishirini hivi, kila mmoja na mvuke wake mdomoni. Arkadi Pavlovich Bezborodko, aliyestaafu kazi ya kuongoza treni, alikuwa ameandika hotuba kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Alisoma kwa sauti ile ile aliyotangazia treni zilizochelewa.

"Mheshimiwa Rais wetu tunayekuheshimu na kukupenda. Sisi wakazi wa Mtaa wa Wafumaji si wapinzani. Hatujawahi kupinga kitu chochote."

"Weka kwamba tulipiga kura," akadakia Anna Petrovna wa ghorofa ya tatu, mjane mnene aliyejulikana kwa jina la Mama Nyura. "Wote. Na mapema."

"Nimeweka, aya ya pili."

"Na kwamba mwanangu ni polisi."

"Hilo halimsaidii mtu, Anna Petrovna."

"Linanisaidia mimi."

Watu wakacheka, na kicheko kikawapa kikohozi. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema kwa upole kwamba labda itajwe kuwa mume wake yuko kule, mwezi wa nane sasa, na watoto wake wanalala na makoti. Hakuna aliyeuliza kule ni wapi; kila nyumba ilijua ni vitani. Arkadi Pavlovich aliinamisha kichwa, akaandika, kisha akaifikiria ile sentensi na kuikata taratibu kwa mstari mmoja.

"Tusichanganye mambo, binti yangu," akasema. "Tunaomba joto tu."

Domingos alisikiliza akiwa kwenye ngazi ya juu, mgongo ukutani. Alikuwa ameona video nyingi za aina hiyo: watu wazima wamejipanga uani kama picha ya shule, mbele yao mmoja anasoma, na wote wanaamini kwamba yule mkubwa hajui. Wadogo wanamficha. Akijua tu, atapiga simu moja. Zamani jambo hili lilimchekesha. Sasa alikuwa na mama mkwe anayekoroma kifua, na akajikuta naye anaiamini hiyo simu moja.

"Nani ana simu nzuri?" Arkadi Pavlovich akauliza.

Macho yote yakapanda ngazi. Dima alikuwa na simu nzuri. Alipigia picha vipuri vya mashine za wateja.

"Yeye hapana," Rimma akasema haraka. "Kibali chake cha kuishi kinasimama juu ya kuandikishwa kwake kwenye anwani ya mama. Wakimkamata na jambo lolote la siasa, wanamtoa nchini. Hataonekana kwenye hiyo video."

"Nani kasema aonekane?" Mama Nyura akajibu. "Anayeshika simu haonekani. Hata mjinga anajua hilo."

"Na hii si siasa," akaongeza Arkadi Pavlovich. "Ni mabomba."

Rimma alimtazama mumewe. Kutoka juu, kupitia mlango ulioachwa wazi, walisikia kifua cha Kapitolina Yegorovna.

"Nitashika," Domingos akasema.

*

Uani jua lilikuwa dogo na jeupe. Walijipanga mistari mitatu, wazee mbele. Mama Nyura alijiweka katikati kabisa, kofia yake ya manyoya ya mbweha ikiwa imemaliza nafasi ya watu wawili. Domingos alivua glavu moja, akabonyeza, akainua mkono kama ishara. Hakutoa sauti, alikuwa amejiapia kwamba hata kukohoa hatakohoa.

Arkadi Pavlovich alisoma vizuri. Alipofika penye bibi kizee aliyepooza na meno yaliyoganda, sauti ikamkatika, na haikuwa kuigiza. Wakainama wote pamoja, kama walivyoelewana. Dakika mbili na sekunde arobaini. Vidole vya Domingos vilikuwa vimekufa ganzi, na alikuwa anatafuta mahali pa kubonyeza ili izime, ndipo Mama Nyura alipoinua uso, akatabasamu kwenye kioo cha simu na kusema:

"Dima, mwanangu, tumetoka vizuri? Kofia imeingia yote?"

Mpwa wa Arkadi Pavlovich aliipandisha mtandaoni saa hiyo hiyo, kwa haraka, kabla hawajabadili mawazo. Hakuna aliyeitazama mpaka mwisho. Wote walikimbilia majiko yao.

Kufikia asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu laki mbili. Saa nane mchana malori matatu yalikuwa yamesimama kwenye boila, na mwanamume mwenye koti refu, mkubwa fulani wa mkoa, alikuwa anapigwa picha akionyesha bomba kwa kidole. Jioni ile ile mabomba ya ukutani yalikohoa, yakapiga kelele kama yanagongwa kwa nyundo, na joto likarudi. Rimma aliweka kiganja kwenye chuma, akakiacha pale mpaka kikamuunguza.

Kapitolina Yegorovna aliomba avuliwe kofia.

*

Siku mbili baadaye alikuja Kapteni Valeri Susloparov, polisi wa mtaa, mtoto wa Mama Nyura. Alivua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu, akaketi sebuleni na soksi zake za kijivu, mkoba magotini. Rimma alimwekea chai na jamu. Kijiko kililia kwenye kisahani.

"Friji yangu bado inafanya kazi vizuri, Dima," akasema kapteni. "Nakushukuru."

"Mpira wa mlango ubadilishwe kabla ya kiangazi."

"Haya." Akanywa chai. "Mkoa unataka jina la mtu."

"Jina gani? Tuliomba joto, tukapewa."

"Mliomba joto, mkawaaibisha watu. Yule mwenye koti refu kaulizwa kwa nini alisema mtaa una joto wakati hauna. Sasa naye anauliza nani aliwachochea wazee. Wazee hawajichochei wenyewe, ndivyo anavyosema."

"Mama yako alikuwa mbele katikati," Rimma akasema.

"Nimeona. Nchi nzima imeona." Kapteni alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaziweka mezani kwa mpangilio mzuri. "Nimechukua maelezo ya majirani. Kumi na tisa. Wote wanasema simu ilikuwa ya mgeni, na mgeni ndiye aliyewapanga mistari. Jina lake limetajwa kwenye video yenyewe."

"Na mama yako ndiye aliyelitaja."

"Ndiyo," akasema kapteni. "Ndiyo maana nimekuja mimi. Angekuja mwingine ingekuwa vibaya zaidi."

Domingos alizivuta karatasi. Alizijua zile hati za mikono. Aliziona kila mwaka kwenye vibandiko vya mitungi ya mboga za chumvi aliyopewa na majirani. Mama Nyura aliandika kwa herufi kubwa kama mtoto. Yule mke wa mtu aliye kule aliandika mistari miwili tu. Arkadi Pavlovich aliandika ukurasa mzima, kwa utaratibu, na saa na dakika.

"Nikiandika ripoti ya uchochezi," kapteni akaendelea, "inakwenda mahakamani. Inamgusa Rimma Andreyevna kazini. Sitaki. Kuna njia ya kimya. Mwenye nyumba anamfuta kwenye anwani. Ni haki yake, hahojiwi. Dima anabaki na siku saba za kutafuta anwani nyingine. Akiikosa, kibali kinaanguka chenyewe, anaondoka kwa miguu yake. Hakuna kesi, hakuna uchochezi. Mkoa wanaandika kwamba jambo limeshughulikiwa."

"Hamfuti," Rimma akasema. "Mama hatamfuta mtu aliyemwogesha miaka miwili."

Kapteni alikoroga chai ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

"Gleb yuko mwaka wa ngapi chuoni?"

Gleb alikuwa mtoto wa Rimma wa ndoa ya kwanza. Domingos alimkuta na miaka mitatu, akamfundisha baiskeli uani hapo hapo, akishika kiti kwa nyuma na kukimbia mpaka akatapika.

"Wa tatu," kapteni akajijibu. "Ana ahirisho la jeshi kwa sababu ya masomo. Ahirisho ni karatasi, Rimma Andreyevna. Karatasi zinapitiwa upya. Sisemi zitapitiwa. Nasema kuna mtu ameniuliza kama familia hii ina kijana."

*

Kitanda cha Kapitolina Yegorovna kilikuwa nyuma ya mlango mwembamba. Alikuwa amesikia kila neno.

"Valerka," akaita. "Njoo huku, uache kunong'ona kama mwizi wa kuku. Nilikufundisha kusoma mimi."

Kapteni akaingia na karatasi ya maombi iliyokwisha kuandikwa, akasimama na soksi zake. Rimma akaja nyuma yake.

"Mama, usisaini."

"Nipe miwani."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Chumba kilikuwa na joto kali, na jasho lilikuwa limemkusanyikia juu ya mdomo.

"Hapa mmeandika kwamba ninaomba kwa hiari yangu. Futa."

"Bila maneno hayo karatasi haina maana, Kapitolina Yegorovna."

"Basi acha."

"Mama." Rimma alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Ukisaini, namfuata. Nani atakubadilisha nguo?"

"Utamfuata wapi? Na Gleb akiletewa wito utamfuata pia?" Bibi kizee hakumtazama binti yake. Alimtazama Domingos aliyesimama mlangoni. "Wewe ni mtu mzima, Dima. Una hamsini na mmoja. Una mikono. Popote pana friji utakula. Yule ana ishirini, hajui hata kukaanga yai. Ameshindwa kuua panya kwenye chumba cha chini, alimfungulia mlango."

"Najua, mama."

"Sikukupenda miaka kumi na saba."

"Hilo nalo najua."

"Miaka mitano ya mwisho nilikuwa nadanganya. Lakini Gleb ni damu yangu. Ungekuwa mahali pangu ungefanyaje?"

Domingos alimwona Gleb pale uani, anaondoka na baiskeli, hajui kwamba kiti kimeshaachiliwa.

"Ningesaini," akasema.

Rimma aliinuka, akatoka. Walisikia mlango wa bafu ukifungwa, na maji yakifunguliwa kwa nguvu.

Bibi kizee hakuweza kuandika akiwa amelala, na upande wake wa kushoto haukuwa na nguvu ya kumsimamisha. Kapteni aliangalia mikono yake mwenyewe, hakusogea. Basi Domingos alikwenda jikoni akaleta kibao cha kukatia kabichi, akaingiza mkono nyuma ya mgongo wa mama mkwe wake kama alivyofanya kila asubuhi, akamkalisha, akaegemeza uzito wake begani kwake. Kwa mkono mwingine alishika kibao, karatasi juu yake. Bibi aliandika jina lote, la kwake, la baba yake na la ukoo, bila haraka. Kalamu ilipita kwenye mikato ya visu na kuruka, na kila iliporuka alirudi nyuma akaandika upya.

"Sasa nilaze," akasema. "Na fungua dirisha. Nakufa kwa joto."

*

Alianza na Mama Nyura, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na mtu mmoja. Mlango ulifunguka kwa upana wa mnyororo. Jicho moja, kipande cha gauni la usingizini.

"Valerka ameniambia nisiongee na wewe," akasema. "Mimi ningeongea, lakini amesema."

"Ni anwani tu, Anna Petrovna. Sitalala hapa. Sitaweka hata mswaki."

"Nilidhani imezima," Mama Nyura akasema. "Ile simu. Haki ya Mungu nilidhani umeizima." Jicho likajaa maji, mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa.

Kwa siku sita alipanda na kushuka ngazi za majengo manne. Aligonga kwa watu ambao mashine zao alizitengeneza kwa mkopo usiolipwa, ambao harusi zao alizicheza, ambao majeneza ya wazazi wao aliyabeba bega kwa bega nao. Wengine walikuwa wameziandika nyumba kwa majina ya mabinti. Wengine walikuwa na mkopo wa benki. Mmoja alisema wazi kwamba anaogopa, na Domingos alimshukuru kwa hilo kuliko wote. Yule mke wa mtu aliye kule alitaka kukubali, akaanza hata kutafuta kitambulisho, kisha akakumbuka kwamba nyumba ni ya mumewe na sahihi inayohitajika ni ya mumewe. Simu yake haikuwa imepokelewa tangu mwezi uliopita.

Rimma naye alikuwa akipiga simu shuleni, kwa binamu, kwa mwanamke aliyewahi kukaa naye bwenini. Usiku walilala migongo ikigusana. Gleb alipopiga, walimwambia joto limerudi na kila kitu kiko sawa. Akafurahi, akaomba atumiwe soksi.

Siku ya saba alibaki Arkadi Pavlovich. Domingos alikuwa amemwacha wa mwisho, kwa kuwa ndiye aliyemtegemea.

Mzee alifungua mlango wote, akamkaribisha hadi jikoni, akamwekea kiti. Alikuwa amevaa fulana ya ndani tu. Jikoni palikuwa kama ndani ya oveni.

"Niliandika ukweli," akasema kabla hajaulizwa. "Saa na dakika. Sikuongeza kitu."

"Nimesoma. Ni ukweli."

"Nilikaa kwenye treni miaka arobaini na moja. Mtu wa treni akiulizwa kilichotokea, anaandika kilichotokea."

"Hukuandika kwamba hotuba ilikuwa yako."

Arkadi Pavlovich alitazama mikono yake juu ya meza. "Hilo hawakuniuliza."

"Arkadi Pavlovich, nimekuja kwa ajili ya anwani. Leo ofisi inafunga saa kumi na moja."

Mzee akainuka, akavuta pazia la kabati la chini ya dirisha, akainama na kupekua mle ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi alikuwa na mtungi wa lita tatu wa matango ya chumvi, majani ya bizari yakielea ndani.

"Ya mwaka huu," akasema. "Yametoka magumu, mazuri. Rimma anayapenda."

Domingos aliupokea mtungi kwa mikono miwili, kwa kuwa ulikuwa mzito na mzee alikuwa ameshauachia.

Uani theluji ililia chini ya buti. Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri, na jengo zima, kuanzia chini hadi ghorofa ya tano, lilikuwa limefungua madirisha. Boila jipya lilikuwa na nguvu mno na hakuna aliyejua kulipunguza. Mapazia yalipepea nje, mvuke ulitoka kila nyumba na kupanda juu. Kwenye dirisha moja Mama Nyura alikuwa akijipepea kwa gazeti. Alipomwona aliingiza kichwa ndani.

Rimma alikuwa kwenye dirisha la ghorofa ya pili, mikono wazi, shingo wazi. Alikuwa amemsubiri.

"Vipi?" akauliza kutoka juu. "Amekubali?"

Madirisha yote yalikuwa yanasikiliza. Domingos aliunyanyua mtungi wa matango juu ya kichwa chake, kadiri mikono ilivyofika, ili mkewe aone kile pekee alichopewa.